Jina Lililozikwa Theta

Magdalene Mugo alifika ofisi ya usajili mjini Thika kabla ya saa mbili asubuhi, mkononi ana faili ya plastiki ya kijani, na moyoni hana wasiwasi wowote. Miaka ishirini na sita ya kuishi Ujerumani ilikuwa imemfundisha kwamba ukienda ofisini unabeba kila karatasi, halafu unaongeza nakala mbili. Na alichokuwa akitafuta siku ile hakikuwa kikubwa. Alitaka tu kuruhusiwa kuishi nyumbani kwake.

Nyumba yenyewe iko Theta, vyumba vitatu na veranda, kwenye ploti aliyopewa na baba yake. Alikuwa ameijenga pole pole kwa mshahara wa unesi, na kila Desemba alikuja kulala ndani yake majuma matatu, kisha akafunga madirisha na kurudi kazini. Majirani waliiita nyumba ya likizo. Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba kila alipotua Nairobi aliingia kama mtalii. Mwaka wa 2005, alipochukua uraia wa Ujerumani, sheria ya huko ilimtaka arudishe ule wa kwao kwanza, naye akaurudisha. Tangu hapo akawa mgeni wa siku tisini katika kijiji alichozaliwa.

Halafu siasa za Ujerumani zikageuka. Mwaka wa 2024 sheria ililegezwa, mtu akaruhusiwa kuwa na nchi mbili. Haikupita miezi mingi, uchaguzi ukaitishwa mapema, na kwenye kampeni wakatokea watu walioapa kwamba sheria hiyo wataifuta. Kwenye makao ya wazee alikofanya kazi, mzee mmoja aliyemwogesha kila asubuhi kwa miaka minne alimuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na wewe unaenda kwenu lini?" Jioni hiyo hiyo Magdalene aliomba likizo ndefu. Aliona afadhali aupate tena uraia wake wa kuzaliwa wakati mlango bado uko wazi.

Msichana wa dirisha la tatu alikuwa na beji iliyoandikwa Becky. Alipokea cheti cha kuzaliwa, akapokea nakala ya kitambulisho cha zamani, akaandika nambari kwenye kompyuta. Akaiandika tena.

"Mum, unaombea nani hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Sio dadako? Sio mtu wa familia?"

"Ni mimi. Sina dada."

Becky akainamia skrini. Vidole vyake vikaacha kuchapa. "Hebu kaa hapo kidogo, mum."

Hicho kidogo kilikuwa saa nzima. Becky aliporudi alikuwa amebeba faili kuukuu ya rangi ya kahawia iliyofungwa kwa uzi, na hakurudi dirishani. Alizunguka, akaja kuketi kwenye benchi kando ya Magdalene, na hapo ndipo Magdalene alipojua kuna jambo, kwa sababu yeye mwenyewe, kama nesi, hukaa hivyo kando ya watu anapowaletea habari mbaya.

"Rekodi inasema huyu mtu alifariki," Becky akasema kwa sauti ya chini. "Septemba, 2001. Huko Ujerumani. Mwili ukaletwa, akazikwa Theta."

Magdalene alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikubwa, mpaka watu wa foleni wakageuka. "Mimi niko hapa," alisema. "Nishike mkono."

Becky hakumshika mkono. Alimfungulia faili. Ilikuwa fomu ya kibali cha mazishi: jina lake lote, Magdalene Wangui Mugo, mwaka wake wa kuzaliwa, kijiji chake. Chini kabisa, mahali pa mtu aliyeleta taarifa ya kifo, pameandikwa: Bedan Mugo, baba wa marehemu. Na sahihi.

Sahihi aliijua. Ile B yenye matumbo mawili yasiyolingana ilikuwa kwenye kila ripoti yake ya shule ya msingi. Baba yake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na Magdalene ndiye aliyemfunga macho. Kabla ya hapo, miaka yote, mzee alikuwa akimpokea uwanja wa ndege, anakula naye, anamwonyesha ng'ombe, na hakuwahi kumwambia kwamba alishamzika.

Alisimama, akaomba nakala ya fomu. Becky akamtolea.

Kiama, mdogo wake, alikuwa akimngoja kwenye gari nje ya geti. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule Kimbo, na siku hiyo alikuwa amelifunga kwa ajili ya dadake. Magdalene aliingia garini, akamwekea nakala ya ile fomu kwenye mapaja.

Kiama alisoma mstari wa kwanza, akatazama nje. "Nani amekupea hii?"

Swali hilo lilimpiga Magdalene kuliko fomu yenyewe. Mtu asiyejua kitu angeuliza hii ni nini. Kiama alitaka kujua tu imetoka wapi.

"Ulijua."

"Mage..."

"Kiama, ulijua!"

"Nilikuwa Form Two. Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Uliza maitu." Aliwasha gari. Alishindwa kuingiza gia mara mbili.

Wakatoka Thika. Magdalene aliwakumbuka watu wa Theta walivyompokea aliporudi mara ya kwanza, mwaka wa 2006. Wanawake wa kanisani walimshika mashavu, wakampapasa mabega, wakalia. Mzee mmoja alikataa katakata kumpa mkono. Magdalene alidhani ni ushamba. Alidhani ni mapenzi. Sasa alielewa kwamba kijiji kizima kilikuwa kimekuja kuhakikisha kama kweli ana nyama na mifupa.

Mama yao, Rachael, waliyemwita maitu, alikuwa verandani akimenya minji, ungo uko mapajani. Alikuwa na miaka themanini na moja na masikio yake bado ni mazima.

"Maitu," Magdalene alisema akiwa bado kwenye ngazi, "mimi nilikufa lini?"

Rachael alimenya ganda alilokuwa ameshika, akadondosha punje kwenye ungo. Kisha akauweka ungo chini. "Kiama, letea dadako kiti."

"Sitaki kiti."

"Utakitaka."

Akamweleza. Wakati ule, Magdalene alikuwa amegombana na baba yake kwa simu juu ya Mjerumani aliyetaka kumwoa, na kwa zaidi ya mwaka hakuandika barua wala kupiga simu. Kisha Septemba ikaja habari kutoka kwa Wakenya wa mji wa Munich. Msichana alikuwa amefia hospitali kwa ugonjwa wa mapafu. Pasipoti aliyokutwa nayo ilikuwa ya Magdalene Wangui Mugo wa Theta. Wale Wakenya walichanga, wakamleta. Jeneza lilikuwa limefungwa kwa skrubu, na karatasi ya kusema lisifunguliwe. Bedan akasaini kila kitu kilichohitaji kusainiwa. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama barabarani.

"Mwezi wa nne ukapiga simu," Rachael alisema. "Unakumbuka? Ulitaka kutuambia umeolewa. Baba yako ndiye alishika. Akakuuliza, uko salama? Akaweka chini, akaenda kwa ng'ombe, na hakurudi mpaka jioni."

Magdalene alikumbuka. Miaka yote alikuwa amelihesabu neno lile moja kama baridi ya baba aliyekataa kumsamehe.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeambiwaje? Tungesema tumezika nani? Baba yako alisema polisi watakuja, watauliza mwili ni wa nani na tumeupata wapi. Akasema tena, mtoto akiambiwa alishaliliwa hataweza kuishi vizuri. Tukaita watu wa kanisa, tukawaomba. Watu wakanyamaza. Ukikaa na kitu miaka mingi, mwanangu, hata mdomo unasahau."

"Na huyo mtu amelala wapi?"

Rachael aligeuza kichwa. Alitazama chini ya shamba, kwenye ua wa miti, ambako kulikuwa na bamba la simiti lisilo na jina. Siku zote Magdalene aliambiwa ni kaburi la shangazi ya baba aliyekufa bila mtoto. Krismasi iliyopita, wageni walipokuwa wengi na meza chache, aliweka sufuria ya pilau juu yake.

Hapo ndipo alipokitaka kiti. Alikikalia, akaweka kichwa katikati ya magoti kama anavyowafundisha wagonjwa wake. Na akiwa ameinama hivyo, likamjia neno moja: pasipoti.

Alikuwa ameikopesha pasipoti ile. Hamburg alikaa chumba kimoja na msichana wa Matuu aliyeitwa Mwelu, mcheshi, mwenye kuimba akipika. Visa ya Mwelu ilikuwa imeisha. Alipoanza kukohoa damu hakuweza kwenda hospitali bila karatasi, na Magdalene akampa zake, pasipoti pamoja na kadi ya bima. Kwa macho ya Wajerumani wasichana hao wawili walikuwa uso mmoja. Mwelu akatibiwa, akapata nafuu, na wiki mbili baadaye akatoka kwenda kutafuta kazi mji mwingine bila kuzirudisha. Hakupiga simu tena. Magdalene aliripoti pasipoti imepotea, akapata nyingine, na kwa miaka ishirini na minne alimtaja Mwelu kwa jina moja tu: yule mwizi.

"Maitu," alisema polepole. "Hakuna mtu alifungua jeneza?"

Kiama akageuza uso akamtazama mama yake, kwa sababu jibu la swali hilo hata yeye hakuwa nalo.

"Nilifungua," Rachael alisema. "Asubuhi ya mazishi. Wanaume walikuwa nje wanafunga turubai. Lilikuwa na kile kifuniko kidogo cha uso. Nikatoa skrubu na kisu cha jikoni."

"Maitu!" Kiama aliruka.

"Nilitaka kukuona. Nani angenikataza? Nikaona msichana. Nikajiambia kifo kinabadilisha uso. Lakini alikuwa na mwanya, hapa juu, mkubwa. Na kovu kwa kidevu. Meno hayabadiliki."

"Ni Mwelu," Magdalene alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto. "Ni Mwelu, maitu. Aliangukia jiko akiwa mdogo." Kisha, "Ulijua si mimi. Ulijua, na ukanizika?"

"Sikukuzika wewe. Nilizika yeye." Rachael alipangusa mikono kwa leso, ingawa haikuwa na kitu. "Watu walikuwa washafika. Kaburi lishachimbwa. Baba yako hakuwa amekula siku nne. Ningesema si wangu, angepelekwa wapi? Angerudishwa kwa ndege? Angewekwa mochari akingoja nani? Nikafikiria, huyu ana mama mahali. Na wangu pia yuko mahali. Kama wangu amelala kwa watu, basi hao watu wamfanyie vile mimi nafanyia huyu. Nikarudisha skrubu. Nikalia kama mama yake. Halafu nikangoja. Kila siku nilingoja simu yako, na sikuambia mtu, hata baba yako. Miezi saba."

Magdalene alikuwa amekuja na hasira ya kutosha nyumba nzima, na sasa hakujua aielekeze wapi. Alishuka, akaenda mpaka kwenye lile bamba, akapiga magoti na kuanza kulifagia majani kwa mikono. Alitaka kuomba msamaha, lakini kila neno alilolifikiria lilikuwa dogo.

Jumatatu iliyofuata walikwenda kwa wakili Njau, mwenye ofisi ghorofani mjini Ruiru. Njau alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Madam, kuna njia fupi," alisema. "Tunaapa kwamba kulitokea makosa huko ng'ambo, majina yalichanganyika. Hujui vipi. Korti inafuta kile cheti cha kifo, unapata uraia wako, kwisha. Lakini ukisema ulipeana pasipoti, hilo ni kosa hapa na ni kosa kule. Wajerumani wakiamua kukufuatilia, na hizo siasa zao za sasa, unaweza kukosa pande zote mbili. Utakuwa mtu bila nchi."

"Na nikifuata njia fupi, yule aliyezikwa anaandikwa nani?"

"Mtu asiyejulikana."

Magdalene alimtazama Kiama. Kiama alikuwa akitazama kapeti.

"Nipe siku tatu," alisema.

Alizitumia kumtafuta dadake Mwelu. Alikumbuka barua ambazo Mwelu alikuwa akimwandikia dada aitwaye Syombua, kupitia kanisa lao la Makongeni, Thika. Kanisa lilikuwa bado lipo. Mama mmoja aliyekuwa akipanga viti alisema Syombua anamjua sana, anashona nguo za shule pale karibu na soko.

Syombua alikuwa mwanamke mpana, futi ya kupimia imemzunguka shingo. Alipoinua macho na kutabasamu kwa mteja, mwanya wake ukaonekana, na Magdalene akajua amefika.

"Natafuta dada ya Mwelu," alisema. "Mimi naitwa Magdalene. Tulikaa na yeye Hamburg."

Syombua alisimama haraka hata kiti kikaanguka. "Mwelu! Yuko wapi? Amekutuma?" Na kabla hajajibiwa akaanza kulalamika, maneno yakimwagika: kwamba Mwelu aliwatupa, kwamba walisikia ameolewa na tajiri, kwamba mama yao alikufa mwaka wa 2011 akiulizia kila gari linalosimama njiani. "Mwambie mimi nilishamsamehe, lakini aje aone kaburi la mama. Aje tu."

Magdalene alikuwa amepeleka habari za kifo kwa watu wengi sana kazini mwake. Anajua namna ya kukaa, na sauti ya kutumia. Siku hiyo vyote vilimtoroka. Alisema, "Hakuwatupa. Alikufa. Alikufa 2001, na amezikwa kwetu, na jina langu."

Syombua hakulia. Alikaa chini sakafuni, katikati ya vitambaa vya bluu, akawa anaikunja ile futi na kuikunjua. Magdalene akamwambia kila kitu bila kujificha: kadi, pasipoti, na vile alivyomwita mwizi miaka yote. Alipomaliza alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Ulimpa karatasi zako aende hospitali?" Syombua aliuliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Bila hizo hangetibiwa?"

"Hawangempokea."

Syombua akatikisa kichwa, kama mtu anayejaribu kutoa maji sikioni. "Miaka ishirini na minne," alisema. "Kutoka hapa mpaka Theta ni mwendo wa nusu saa." Hapo ndipo kilio kilipokuja, na wanawake wa maduka ya jirani wakakimbia kuona ni nini.

Magdalene alirudi kwa wakili Njau akasema ataapa ukweli wote. Njau aliandika bila kubishana, ila alimwomba arudie mara mbili sentensi ya pasipoti, na mara zote mbili akasema, "Una uhakika, madam?"

Mambo hayakuwa mepesi. Polisi walimhoji siku mbili. Likizo yake iliisha, akaandika barua ya kuacha kazi, na siku zake za ugeni zilipokaribia kwisha aliomba kuongezewa, akaambiwa arudi kesho, na kesho nyingine. Kulikuwa na wiki nne ambazo hakujua kama atafukuzwa kutoka nchi aliyozaliwa kwa kosa la kusema kweli. Kiama aliacha kufungua duka asubuhi, akawa anampeleka kila ofisi, na hakuna siku aliyolalamika. Becky wa dirisha la tatu alimpigia simu mara kadhaa kumwambia faili imefika wapi.

Polisi waliamua kutomshtaki, wakampa onyo kali la maandishi. Kutoka Ujerumani hakuna aliyemtafuta, angalau mpaka leo. Mwezi wa tisa korti iliamuru cheti cha kifo kibadilishwe jina, na kaburi lifunguliwe. Mwezi wa kumi akaitwa kuchukua cheti cha uraia. Alikisoma akiwa amesimama, akakitia kwenye faili ya kijani, akaketi kwenye benchi lile lile.

Mwelu alihamishwa Jumamosi moja ya Novemba. Watu wa Theta walikuja bila kualikwa, wale wale waliomzika, wamezeeka, wengine kwa mikongojo. Walisimama kando ya ua, na lilipotolewa sanduku dogo jipya lenye mabaki, wanawake wakaanza wimbo wa kanisa uliokuwa umeimbwa ile siku ya kwanza. Hawakuwa wamekubaliana. Ulianza tu.

Huko Matuu kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya mama yake. Mchungaji aliita familia watie udongo. Rachael, aliyekuwa ameketi nyuma kwenye gari la Kiama, akafungua mlango, akashuka na fimbo yake, akaja mbele. Mzee mmoja wa ukoo wa kina Mwelu alinyoosha mkono kumzuia, akisema mama, hapa ni familia kwanza.

"Mwache," Syombua alisema. "Huyo ndiye alimlilia."

Akamshika Rachael kiwiko, wakainama pamoja kuchota udongo.